Maji ya Kifuu, Bahari ya Chungu

Wahenga walisema maji ya kifuu bahari ya chungu. Methali hii tulifundishwa shule ya msingi: mwalimu anaanza, darasa zima linamalizia kwa sauti moja, basi, tunaenda kwenye nyingine. Chungu hapo si kile cha kupikia, ni yule mdudu mdogo, ndugu yake sisimizi. Kwake yeye maji yaliyobaki ndani ya kifuu cha nazi baada ya mvua ni bahari kamili, ina kina na ina vifo. Kwetu sisi ni maji ya kumwaga tu.

Nimeikumbuka methali hii kwa sababu ya ramani. Ni ramani za Bonde la Msimbazi ambazo wataalamu wanazitengeneza kwa kompyuta, zikionyesha maji yatafika wapi mvua kubwa ikinyesha. Kwa kawaida hupakwa rangi ya buluu: buluu iliyokolea penye maji mengi, buluu iliyofifia pale ambapo maji yatafika magotini tu. Ukiitazama ramani ya namna hiyo mezani utasema, ah, hapa pamefifia, si neno. Lakini ndani ya ile buluu iliyofifia mna kitanda cha mtu, mna gunia la mkaa la biashara, mna madaftari ya mtoto wa darasa la nne. Na pale ilipokolea huchorwa mstari, na walio ndani ya mstari huambiwa wahame.

Hapo ndipo linapokuja swali langu. Je, hesabu inaweza kumwambia mtu ahame kwake? Na kama inaweza, ni hesabu yenyewe inayosema, au ni mtu amejificha nyuma yake?

Tuuangalie kwanza mto wenyewe. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unashuka kilomita 35 hivi kupitia Kinyerezi, Vingunguti, Tabata na Kigogo, unapita Jangwani, halafu unaingia Bahari ya Hindi pale Daraja la Salenda. Njiani unapokea vijito vingi. Mmojawapo ni Mto Ng'ombe, ambao sisi watu wa Kinondoni tunaujua vizuri, maana unatoka huko Sinza na Tandale, unapita Magomeni, unakuja kumwaga maji yake bondeni karibu na Mkwajuni na Hananasif. Msomaji wa Temeke naye asicheke akadhani haya ni ya wenzake. Anao Mto Kizinga na Mto Mzinga, na anayajua ya Keko na ya Mtoni mvua za masika zinapokolea.

Miezi mingi ya mwaka Msimbazi ni mto mnyonge, unaruka kwa mawe. Watu wanalima mchicha pembeni, wanachimba mchanga, wanatupa taka. Halafu inakuja siku moja. Desemba 2011 mvua ilinyesha jijini kwa namna ambayo watu wa hali ya hewa walisema haijaonekana tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa na maelfu walikosa makazi. Serikali ikawagawia waathirika viwanja Mabwepande, mbali kule njia ya Bunju. Wengine walikaa, wengine walirudi bondeni, kwa sababu kibarua kiko Kariakoo na nauli haipatikani kila siku. Aprili 2018 maji yakaja tena, watu wakafa tena, na Barabara ya Morogoro ikafungwa tena pale Jangwani.

Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na mwezi mwingine ambao watu wa bondeni hawausahau, nao ni Desemba 2015. Nyumba zilichorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, tingatinga likaingia Mkwajuni. Mamia ya nyumba zilikwenda chini kabla wakazi hawajakimbilia mahakamani. X nyekundu haikuwa na maelezo. Haikusema maji yatafika kimo gani, wala kwa nini nyumba hii na si ile ya jirani. Ilisema tu: wewe, toka.

Baadaye yalikuja mazungumzo ya aina nyingine. Mwaka 2018 Ofisi ya Rais TAMISEMI na Benki ya Dunia waliitisha mfululizo wa warsha, wakakaa pamoja wahandisi, maofisa wa manispaa, watu wa mazingira na wawakilishi wa jamii, ukatoka mpango wa kuurejesha mto katika hali yake. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200, na Hispania na Uholanzi zikaongeza. Mambo yaliyomo katika mpango huo ni kuchimba na kupanua mkondo wa chini, kuinua ardhi ya pembeni, kujenga daraja refu zaidi Jangwani, kuihamisha karakana ya mabasi yaendayo haraka, na kuligeuza bonde liwe bustani ya jiji ambayo inaweza kulowa bila mtu kufa. Ni mpango mzuri, sitasema vinginevyo. Lakini bustani haioti hewani. Inaota pale palipokuwa na nyumba.

Na msingi wa mipango ya namna hii ni ile inayoitwa modeli ya haidroliki. Hebu tuieleze, maana watu wengi wanaitaja kama vile ni mganga wa kienyeji: ukiuliza sana utaambiwa huna imani.

Modeli ni mto wa hesabu. Unachukua ardhi yote ya bonde, unaikata vipande vidogo vidogo kama miraba ya daftari la hesabu. Kila mraba unapewa kimo chake kutoka usawa wa bahari, kilichopimwa kwa ndege ndogo zisizo na rubani au kwa vyombo vya wapimaji. Halafu unaleta mvua. Kompyuta inauliza kila mraba, kila baada ya sekunde chache: umepokea maji kiasi gani kwa jirani wa juu, na utampa jirani wa chini kiasi gani? Sheria zake ni mbili tu: maji hayapotei, na maji hayaendi mbio wala hayasimami bila sababu. Mfaransa Saint-Venant aliziandika sheria hizo kwa hesabu mwaka 1871, kabla Dar es Salaam haijawa mji wa maana. Siku hizi ziko ndani ya programu, na mojawapo, HEC-RAS, iliyotengenezwa na wahandisi wa jeshi la Marekani, hutolewa bure. Kijana wa Chuo Kikuu Ardhi anaweza kuichukua na kuufurisha mto usiku kucha bila kumlowesha hata kuku.

Uzuri wake ndio huo. Mvua ya mbinguni ikishajaribu, imeshaua. Modeli inajaribu bila kuua. Unapanua daraja kwenye kompyuta, unatazama. Unachimba mkondo mita mbili, unatazama. Unaweka bahari ikiwa imejaa, maji ya bamvua, unaona jinsi mto unavyofika Salenda ukakuta mlango umefungwa, ukarudi nyuma kuwatafuta watu wa Jangwani. Wavuvi walijua habari hiyo kabla ya Saint-Venant, ila hakuna aliyewauliza.

Sasa sikiliza jambo moja ambalo tangu nilijue sijatulia. Maji yanapopita juu ya ardhi yanazuiwa na vitu: majani, mawe, mashina. Mhandisi mmoja wa Ireland, Robert Manning, aliacha kanuni ya kuuhesabu uzito huo wa kuzuia, na namba yake inatumika mpaka leo. Mfereji wa zege laini unapewa kama 0.013. Mto wa kawaida ulio safi kama 0.03. Penye vichaka vizito au penye nyumba nyingi zilizobanana namba inapanda, inafika 0.1 na hata kupita. Jina la namba hii kwa Kiswahili chepesi ni mkwaruzo. Maana yake ni kwamba Hananasif, Kigogo, Mkwajuni, na vyumba vyake na mabaraza yake, na mashuka yaliyoanikwa, na msiba uliowekwa turubai, vyote hivyo vikiingia katika modeli mara nyingi vinakuwa kitu kimoja tu: mkwaruzo.

Silaumu. Maji yenyewe hayajui zaidi ya hapo. Ukimuuliza maji nyumba ni nini atakujibu hivyo hivyo, ni kitu kilichonichelewesha. Hesabu ya maji lazima iyaone mambo kwa jicho la maji, la sivyo si hesabu ya maji. Hatari inaanza pale ambapo binadamu, akishaiona dunia kwa jicho la maji mchana kutwa ofisini, anatoka jioni na kusahau kulivua.

Tuchukue mfano. Utasikia wataalamu wakisema "mafuriko ya miaka 100". Mtu wa kawaida akisikia hivyo anasema, aa, basi yale ya 2011 yameshapita, tunayo miaka mingi ya kupumua. Sivyo. Maana yake ni mafuriko ambayo kila mwaka yana nafasi moja katika mia ya kutokea. Mwaka huu moja katika mia, mwakani moja katika mia, hata kama yalikuja jana. Ukikaa hapo miaka 30, muda wa kulea watoto mpaka waoe, nafasi ya kukutana nayo angalau mara moja inafika asilimia 26. Na yale ya miaka 50, kwa miaka hiyo hiyo 30, ni asilimia 45. Karibu sawa na kurusha shilingi juu.

Sasa swali: mstari wa kuwahamisha watu uchorwe kwa mafuriko ya miaka mingapi? Ukichagua ya miaka 20, utahamisha nyumba chache na utaacha wengi hatarini. Ukichagua ya miaka 100, utaokoa wengi, lakini utavunja nyumba za wengi zaidi ambao pengine wangezeeka pale bila kuona maji sebuleni. Modeli inaweza kukuchorea mistari yote miwili vizuri kabisa. Ila ukiiuliza upi ni wa haki, inanyamaza. Haina safu ya kujibia swali hilo. Kwa hiyo anayesema "modeli imeamua mhame" hasemi kweli. Modeli imesema maji yatapita hapa. Kuamua ni kwa mtu, na mtu huyo ana jina, ana kiti na ana mshahara, na pengine anakaa mlimani.

Ndiyo maana nasema kuna maswali mawili, na tunayachanganya makusudi. Swali la kwanza: maji yatakwenda wapi? Hilo ni la modeli, na mtu asibishane nayo kwa hasira tu. Swali la pili: nani aondoke, kwa masharti gani, na nani alipe? Hilo ni letu. Anayelificha la pili ndani ya la kwanza anataka kutawala bila kuulizwa.

Kuna jambo jingine. Modeli haizaliwi ikijua. Lazima ipimwe kwa mafuriko yaliyokwisha kutokea, tuone kama inayasema sawasawa. Na habari za mafuriko yaliyopita zinatoka wapi? Mtoni vipimo havikuwepo vya kutosha. Vilikuwepo vichwani mwa watu. Kuanzia mwaka 2015 katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliingia kata za mabondeni pamoja na wenyeji, wakachora nyumba, mifereji na vichochoro, wakauliza maji huwa yanafika wapi. Hebu nikuchoree picha, maana mimi ni mtu wa hadithi na siwezi kujizuia. Tuseme ni asubuhi, mama mmoja anakaanga vitumbua, na binti mwenye daftari anasimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vitumbua?"

"Hapana mama, ahsante. Tunauliza habari za mafuriko. Yale ya mwisho maji yalifika wapi hapa kwako?"

Mama anaacha mwiko, anaingia ndani, anagusa ukuta. "Yalifika hapa, kwenye swichi ya taa. Ile alama ya tope nimepaka chokaa mara mbili, bado inarudi."

Binti anapima kwa futi, mita moja na sentimita 20, anaandika. "Ahsante mama. Umetusaidia sana."

"Haya mwanangu. Sasa mtatujengea mfereji?"

Binti hana jibu. Si kosa lake, yeye katumwa kupima.

Ile mita moja na sentimita 20, na nyingine mia kama hizo, ndizo zinazoifanya modeli iaminike. Pale hesabu inaposema mita moja, na ukuta wa mama unasema mita moja na sentimita 20, ni hesabu inayorekebishwa, si ukuta. Kwa hiyo, ndugu msomaji, elimu hii si ya wataalamu peke yao. Watu wa bondeni wameilipia kwa tope na kwa maiti, halafu wakaitoa bure mlangoni. Mtu aliyetoa ushahidi ana haki ya kuisikia hukumu ikisomwa kwa lugha anayoielewa, tena kabla haijaandikwa ukutani kwake kwa rangi nyekundu. Ramani iliyojengwa kwa kumbukumbu ya mama kisha ikafungiwa ofisini asiione ni wizi, hata kama kila namba ndani yake ni sahihi.

Najua yatakayosemwa, nimeyasikia kwenye daladala na kijiweni penye kahawa. Wako wanaosema: wamejitakia. Walijua ni bonde, mipango ya mji tangu ule wa 1979 ilisema ni eneo la hatari, wakajenga, sasa wanalia nini? Hoja hii ina nguvu na haifai kuipuuza. Kweli wako waliojenga mita tatu kutoka ukingoni huku wakiuziwa na mtu asiye na hata karatasi. Na nyumba iliyojazwa vifusi mtoni haimdhuru mwenyewe tu, inambana maji na kumtupia jirani wa ng'ambo.

Lakini mtu huyo huyo aliletewa umeme akawekewa mita. Alijiandikisha kupiga kura kwa anwani hiyo hiyo ya bondeni, na serikali ya mtaa ikamgongea muhuri kwenye barua zake. Hananasif mwanzoni mwa miaka ya 1990 wananchi wenyewe, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na wengineo, walichimba mifereji ya mvua kwa mikono yao, na dunia nzima ikaja kujifunza kwao. Na Serikali yenyewe, pamoja na wataalamu wake wote, ilijenga karakana ya mabasi pale pale Jangwani, ikafurika. Kama kujenga bondeni ni ujinga, basi ni ujinga ambao mkubwa na mdogo waliufanya pamoja. Mkubwa karakana yake inajengewa pengine. Mdogo naye aulizwe anakwenda wapi.

Wako pia wanaosema kinyume: hizo kompyuta ni uongo wa wakubwa, wanalitaka bonde wajenge mahoteli. Hawa nawaelewa, maana mtu aliyewahi kuvunjiwa haogopi bure. Lakini nao hawasemi kweli yote. Mafuriko ya 2011 hayakuwa ya kompyuta. Anayemwambia mwenzake "kaa tu, usiogope", wakati maji yanajulikana yatapita, huyo anampenda kwa mdomo. Kuna nyumba ambazo haki yake ya kwanza ni kuhamishwa, tena mapema, kabla ya masika.

Basi tufanyeje? Mimi naona kosa letu kubwa ni kwamba tunaisoma modeli nusu. Tunaisoma kuanzia pale maji yanapomfikia maskini. Lakini modeli haianzii pale. Inaanzia juu, mvua inapoanguka, na inahesabu kila tone linatoka kwa nani. Hilo ndilo jambo zuri la kanuni ile ya kwanza, maji hayapotei. Chukua nyumba yenye paa la mita mraba 100. Ikinyesha mvua ya milimita 100 kwa siku, paa hilo linamwaga lita 10,000. Hayo ni mapipa 50 ya lita 200. Zamani palipokuwa na mikorosho na majani, sehemu kubwa ya maji hayo ilizama ardhini. Sasa pana bati, na uwanja umemwagwa sakafu na kuwekwa matofali ya kupendeza, na mapipa 50 yote yanatoka getini yanashuka. Mwaka 1967 jiji hili lilikuwa na watu kama 273,000. Sensa ya 2022 ilikuta milioni 5.38. Hesabu mwenyewe mapaa.

Hata wema wetu unashuka na maji. Sehemu za Mto Ng'ombe zilijengewa zege ili watu wa Sinza na Tandale wapone, na ni jambo la kheri. Lakini kumbuka ile namba ya Manning. Zege linateleza, maji yaliyokuwa yakikwaruzwa njiani sasa yanaweza kufika chini mapema zaidi, yote kwa mara moja. Modeli ikisomwa yote itakuonyesha hilo pia, na itakuuliza: yule wa chini umemwandalia nini?

Kwa hiyo ramani ile ile inayomwambia mama wa vitumbua "hapa si salama" inawaambia wa juu "mapipa haya ni yenu". Aliye juu hapewi X. Nyumba yake haikwaruzi chochote. Lakini deni analo, na deni hilo sasa linahesabika mpaka lita. Hapo ndipo sayansi inapomfaa maskini kuliko mtu mwingine yeyote. Zamani angelalamika tu, naye angeambiwa ni kazi ya Mungu. Leo anaweza kuleta karatasi.

Sheria nayo iangaliwe kwa jicho hilo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri, rahisi kwa mgambo mwenye futi kamba. Lakini mto hauna futi kamba. Mahali pengine maji yanapanda mita 300 kutoka mkondoni, mahali pengine kwenye kingo ndefu hayafiki hata 20. Kumvunjia mtu aliye salama kwa sababu yuko mita 58, na kumwacha aliye hatarini kwa sababu yuko mita 65, huko ni kutii sheria na kuiacha haki njiani. Modeli inaweza kuisaidia sheria ione vizuri zaidi, ilimradi isiongezwe tu pale inapovunja na kuachwa pale inapookoa.

Kuna mfano wa mbali ambao tunaweza kuufikiria, kwa kuwa hao watu wamechangia fedha za Msimbazi. Uholanzi mwaka 1995 mito yao ilipanda, watu robo milioni wakahamishwa kwa muda. Baada ya hapo waliamua kuacha kuinua kuta tu, wakaupa mto nafasi. Sehemu moja inaitwa Overdiepse, palikuwa na wakulima wa ng'ombe wa maziwa, na hesabu zilisema maji lazima yapite hapo. Wakulima hawakubisha hesabu. Walikaa pamoja wakaja na mpango wao wenyewe: vijengwe vilima, nyumba na mazizi vipande juu ya vilima, ukuta wa zamani ushushwe, na maji yakija yafunike malisho. Haikuwatosha wote. Baadhi walilazimika kuondoka wakatafute mashamba kwingine. Lakini wote walikuwa mezani mstari ulipokuwa ukichorwa. Sisemi Kigogo ni Uholanzi. Wale walikuwa na hati, wana benki, wana sauti. Nasema tu kwamba maji yale yale na hesabu zile zile hutoa majibu tofauti kufuatana na nani amekaa mezani.

Na Kiswahili chetu kimeshatuwekea mtihani wa kujipima. Tuna neno fidia, na tuna neno kifuta machozi. Fidia ni haki ya mtu, anaidai akiwa amesimama. Kifuta machozi ni hisani, anakipokea akiwa ameinama. Ukitaka kujua mradi wowote wa mto unamwonaje mtu wa bondeni, usisome kurasa za kwanza zenye picha za bustani. Tafuta ni neno lipi kati ya hayo mawili limetumika. Kama yeye ni mvamizi tu, atafutwa machozi. Kama ni mtu ambaye jiji zima lilimfanya awe mfereji wake kwa miaka 40, akalipokelea maji yake na taka zake, basi anadai. Anayemlipa hamfadhili. Anarudisha.

Mimi naamini anadai. Naamini pia kwamba inampasa kuondoka pale ambapo maji yatapita, na asidanganywe na mwanasiasa wala na mwandishi kama mimi. Mambo hayo mawili hayagombani. Yanaonekana kugombana kwa sababu anayesema la kwanza huwa hataki kusikia la pili, na anayesema la pili huona la kwanza ni gharama.

Bustani ya Msimbazi ikikamilika, watu watakwenda Jumapili na watoto, watanunua karanga, watapiga picha. Ningependa pawepo kibao kidogo, si cha kumsifu mkubwa yeyote, kinachosema hapa paliishi watu, na maji yalifika kimo hiki, na walihama ili jiji lipite. Tena kiwekwe mita moja na sentimita 20 kutoka chini, ili mtoto aulize kwa nini kiko hapo.

Na wewe unayekaa juu, ndugu msomaji, Kimara, Segerea, Sinza, popote palipoinuka: mvua ikianza usiku ukajigeuza kitandani ukafurahia sauti ya bati, kumbuka yale mapipa 50. Yanashuka kwa nani? Je, uko tayari kumlipa?